Hitipampu kwenye nyumba mpya inakula umeme kuliko tulivyoambiwa, wenye uzoefu naombeni msaada

#1 Mdigo_wa_Leicester
Wakuu salaam. Nipo Leicester, Uingereza, na familia. Nyumba yetu ni mpya, vyumba vinne, tulihamia ikiwa na hitipampu tayari (mashine ya umeme inayovuta joto la hewa ya nje kupasha nyumba na maji), mtaa mzima hakuna bomba la gesi. Tulipokuwa tunanunua tuliambiwa ukiipa uniti moja ya umeme inakurudishia uniti tatu mpaka nne za joto, nikafurahi. Sasa Januari imeisha nimefungua skrini ya mashine nasoma umeme uliotumika uniti 1,050, joto lililotoka 2,500. Gawanyeni wenyewe, ni 2.4 tu. Kwa bei ya kama pensi 27 kwa uniti, kupasha nyumba na maji ya kuoga peke yake kumekwenda paundi 280 na ushee. Shemeji yangu ana boila ya gesi, gesi yao ni kama pensi 6, kwa joto kama letu halipi hata 180.

Maelezo: mashine ya kilowati 12, ipo nje kwenye kichochoro kati ya ukuta na fensi ya mbao. Maji yanatoka kwenye mashine nyuzi 55 muda wote. Chini tuna bomba za maji ya moto sakafuni, juu tuna redieta, yale mapaneli ya ukutani yanayopitisha maji ya moto. Tangi la maji ya kuoga lita 250 linapashwa mpaka 60 kila siku, halafu kabatini kuna tangi lingine dogo fundi alisema ni bafa, yaani la akiba ya maji ya kupasha nyumba. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga tangu Novemba, chumbani kwake themostati iko 24 na bado anavaa soksi mbili. Sitaki mtu aniambie nimzimie mama redieta, nataka kujua mashine inakosea wapi.

#2 Kisukuku
Nimeshatandika mkeka, wajuzi shusheni.

#3 Bajuni_Kompresa
Mimi ni fundi wa AC, Mombasa, hiyo mashine yenu ni AC iliyogeuzwa tu, ndani kuna kompresa, kuna gesi ya kupoozea, kuna koili mbili, hamna uchawi. AC ikianza kula umeme bila kutoa kazi mimi huangalia vitu viwili. Koili ya nje imeziba, na gesi imepungua. Huku baharini chumvi yala zile pezi za alumini mpaka zasagika ukizigusa na kidole, hewa haipiti, kompresa yasukuma weee mpaka yachoka. Mwite fundi apime presha kabla hujaenda mbali.

#4 Sensa_Moja
Uniti moja itoe tatu? Nishati haiumbwi wala haiharibiwi, hiyo ni fizikia ya kidato cha pili. Wamekupiga mkuu, pole.

#5 Mama_Zuhura_Malmö
@Sensa_Moja mwanangu, hapo hakuna aliyeumba nishati. Joto lipo nje hata kukiwa na nyuzi 2, mashine inalibeba tu kuliingiza ndani. Chukulia hamali pale sokoni, unamlipa kubeba gunia, humlipi bei ya mahindi yaliyomo. Umeme ni ujira wa hamali. Na hamali akipandisha gunia ghorofa ya kwanza atakutoza kidogo, ukitaka alifikishe ya tano atakutoza sana. Ghorofa ni tofauti ya joto kati ya hewa ya nje na maji unayotaka ndani.

Sasa kwako Mdigo. Unamwambia hamali apande ghorofa ya tano kila siku bila sababu. Chukua nje nyuzi 2, maji 55. Kikomo cha kinadharia cha uniti za joto kwa uniti moja ya umeme unakipata hivi, joto la maji kwa Kelvini (nyuzi jumlisha 273), 328, ugawe kwa tofauti, 53, inakuja kama 6.2. Mashine halisi hupata nusu yake au pungufu, kwa hiyo 3 na kushuka. Shusha maji mpaka 40, ni 313 gawa kwa 38, 8.2, nusu yake 4.1. Mashine ile ile, kompresa ile ile. Huku Sweden hitipampu za kupasha maji kwa kawaida zina setingi inayofuata hali ya hewa, nje kukizidi baridi maji yanapanda yenyewe, kukipata joto yanashuka yenyewe. Hakuna mtu anaacha 55 mwaka mzima.

Na hizo bomba za sakafuni ndiyo zimenisikitisha zaidi, sakafu inahitaji 35 hivi! Hapo mashine inapika mpaka 55 halafu valvu inachanganya na maji ya baridi kuyarudisha chini. Joto la bei ghali linapozwa kwa makusudi.

#6 Kilowati_Coventry
Mama Zuhura kasema kweli ila mimi nafanya kazi hii ya kufunga hizi mashine na kilichonishtua ni namba nyingine. Kilowati 12! Nyumba mpya ya vyumba vinne ikiwa na insulesheni ya kawaida ya siku hizi inapoteza kama kilowati 5, sana sana 6, siku ya baridi kali ya huko Leicester ambayo tunaihesabu minus 2 au 3. Tumia namba zako mwenyewe: uniti 2,500 gawa kwa saa 744 za Januari unapata kilowati 3.4 kwa wastani, na humo kuna maji ya kuoga ya familia nzima.

Mashine ya inveta inaweza kupunguza mwendo lakini ina mwisho wake wa chini. Nyingi za 12 haziwezi kushuka chini ya kilowati 4 hivi. Kwa hiyo siku za kawaida inawaka dakika chache, inafikia joto, inazima, inawaka tena. Kila ikiwaka inatumia muda kujipanga kabla haijaanza kazi ya maana. Simama nje jioni na saa, kama inazima na kuwaka zaidi ya mara tatu kwa saa, ugonjwa ni huo.

Halafu hilo tangi la bafa. Likiunganishwa kwa bomba nne, maji ya moto yanayoenda na maji ya baridi yanayorudi yanakutana mle ndani yanachanganyikana. Mashine inatoa 55, redieta zinapata 49. Unalipia 55 unaota 49. Nimeshakata matangi ya aina hiyo kwenye nyumba za watu na bili ikashuka.

#7 Wa_Bukavu_Winnipeg
Jambo bandugu. Miye niko Winnipeg, huku minus 30 ni kitu ya kawaida Januari. Mashine za hewa nyingi kwenye minus 25 zinakata, furnesi ya gesi ama ya umeme inashika kazi. Nyuzi 2 za Leicester kwetu ni siku ya kuosha gari nje. Nafuata huu uzi.

#8 Msukuma_Bergen
Hapa Norway nyumba zaidi ya nusu zina hitipampu na nyingi ni zile za hewa kwa hewa, boksi moja sebuleni juu ya mlango, moja nje, kwisha. Hakuna tangi hakuna bafa hakuna redieta. Hewa ya sebuleni ukiipasha mpaka 22 hamali wa Mama Zuhura anapanda ghorofa ya kwanza na nusu tu. Waingereza wanang'ang'ania maji kwa sababu walizoea boila. Weka moja sebuleni hiyo nyingine ibaki ya maji ya kuoga.

#9 Kilowati_Coventry
@Msukuma_Bergen na vyumba vinne vya juu milango imefungwa usiku joto litapita wapi? Nyumba zenu wengi wana hita za umeme vyumbani za kusaidia, na umeme wenu wa maporomoko kwa miaka mingi ulikuwa rahisi. Leicester akiwasha hita nne vyumbani atauza gari.

#10 Msukuma_Bergen
Milango unaacha wazi bwana. Na familia inakaa sebuleni.

#11 Mdigo_wa_Leicester
Mmenifungua macho, ahsanteni. @Bajuni_Kompresa koili ya nje ni safi, ila asubuhi nyingi naikuta imeganda barafu nyeupe yote, halafu inanguruma, moshi mweupe unafuka kama jiko la kuni, barafu inadondoka, inaendelea. Hiyo ni kawaida? Majirani walishaniuliza kama inaungua.

@Kilowati_Coventry nimesimama na saa. Imewaka na kuzima mara tano ndani ya saa moja, nje nyuzi 7.

#12 Bajuni_Kompresa
Ule si moshi ni mvuke. Mashine yageuka yenyewe, yachukua joto la ndani yalipeleka nje kuyeyusha barafu. Kwa hiyo dakika zile walipa umeme kupasha kichochoro. Hapa kwetu hatuoni hiyo kitu lakini kwenye vyumba vya baridi vya samaki pale Kilindini naiona kila siku. Kama yafanya mara nyingi sana rudi kwa neno langu la kwanza, gesi yaweza kuwa pungufu, koili yawa baridi kupita kiasi, barafu yashika upesi.

#13 Kilowati_Coventry
Fundi naheshimu kazi yako ila kwenye hizi za kipande kimoja gesi imefungwa kiwandani, hakuna bomba la gesi linaloingia ndani ya nyumba, kinachoingia ni maji tu. Kuvuja kupo lakini ni nadra, na zile za propani, R290, hazifunguliwi na mtu yeyote hivi hivi kwa sababu ni gesi inayowaka. Barafu ya Leicester inatokana na unyevu. Kati ya 0 na nyuzi 5 na ukungu ule, hapo ndipo koili inaganda zaidi kuliko hata minus 10 kavu.

#14 Bajuni_Kompresa
Nadra si sawa na haipo. Apimwe.

#15 Wa_Bukavu_Winnipeg
Kweli hapo kwa unyevu. Huku baridi iko kavu, barafu kwenye koili si nyingi, shida yetu ni nguvu kuisha tu.

#16 Hamali_Mstaafu_Hamburg
Jina langu nilikuwa nalo kabla ya mfano wa Mama Zuhura, msinicheke 😂

Mdigo kuna kitu hamjagusa, mzunguko wa maji. Mashine ikitoa kilowati 8 na tofauti ya maji yanayoenda na yanayorudi ikawa nyuzi 5, unahitaji lita kama 23 kwa dakika. Angalia kwenye skrini inaonyesha lita ngapi. Kama inaonyesha 12, maji hayatembei. Sababu inaweza kuwa filta imejaa uchafu wa ujenzi (nyumba mpya hiyo, mabomba yana vumbi la chuma na mabaki ya kuunganishia), au bomba nyembamba, au themostati za vyumbani zimefunga nusu ya nyumba. Hilo la mwisho ndilo naliona kila siku huku. Watu wanafunga redieta za vyumba visivyotumika wakidhani wanaokoa, mashine inabaki na redieta mbili za kupeleka joto lote, inawaka inazima. Kwenye gesi ile tabia ilikuwa na faida, kwenye hitipampu inakugeuka. Fungua zote, acha maji yazunguke, joto lidhibitiwe na maji yenyewe.

#17 Njoki_Naivasha
Wasee mko na shida za huko mbali lakini hii kitu imenifanya niwaze. Sisi hapa tumekalia moto, Olkaria iko hapo tu, na bado ile shawa ya umeme ya kuchemsha maji papo hapo inamaliza tokeni kama maji. Si hiyo ndiyo hitipampu ya ardhini wanatumia Sweden? Mbona hatupewi sisi?

#18 Mama_Zuhura_Malmö
Njoki mdogo wangu, hapana, hivyo ni vitu viwili. Olkaria wanachimba kilomita mbili mpaka tatu kwenda chini, wanatoa mvuke wa volkano wa kuzungusha mitambo ya umeme. Hapa Sweden wanatoboa shimo la mita 100 mpaka 200 nyuma ya nyumba, na huko chini hakuna moto wowote, mwamba una nyuzi kama 8 tu. Faida yake ni kwamba ni 8 Januari na ni 8 Julai, hamali anaanzia juu kidogo hata nje kukiwa minus 15.

Kwako wewe kinachofaa ni hitipampu ya maji ya kuoga peke yake. Hewa ya Naivasha mchana ni 24 au 25, maji yako unataka 50. Ile shawa uniti moja inatoa uniti moja ya joto, haiwezi kuzidi hapo hata uombe.

#19 Njoki_Naivasha
Sawa nimeelewa. Lakini sola ya maji si ni bure kabisa?

#20 Kigamboni_Kwanza
Sola ni bure mpaka mvua za masika zianze, hapo ndiyo utajua ile koili ya akiba ndani ya tangi inakula nini.

Mimi nataka kuwarudisha huku kwetu kidogo. Dar hatupashi nyumba, tunapooza, lakini kwa maelezo haya AC yangu ni hamali huyo huyo anabeba kwenda upande wa pili. Nina AC mbili za BTU 12,000, LUKU yangu ni ile tarifu ya kawaida, uniti kama shilingi 356, si ile ya watumiaji wadogo wasiovuka uniti 75 kwa mwezi. Watoto wanaweka 17 halafu wanajifunika blanketi. Je kuweka 25 kunasaidia kiasi gani?

#21 Bajuni_Kompresa
Kunasaidia sana, hapo sina ubishi na mtu. Nje 32, ndani 25, tofauti ni 7. Ukiweka 17 tofauti yawa 15, na ile 17 chumba chenyewe hakifiki, kwa hiyo kompresa hailali usiku kucha. Safisha filta za ndani kila wiki mbili kwa maji tu, osha koili ya nje kwa maji ya bomba yasiyo ya chumvi, na angalia jua la saa nane halipigi yuniti ya nje moja kwa moja. Watu wengi huiweka darini kwenye bati jeusi kisha wamlaumu fundi.

#22 Sensa_Moja
Nimerudi. Hamali nimemkubali. Ila bado swali langu lipo, kama teknolojia ni mpya kiasi hiki mbona wanatufanyia majaribio kwenye nyumba zetu?

#23 Hamali_Mstaafu_Hamburg
Mpya wapi? Ukumbi wa baraza la Zürich pale Uswisi ulianza kupashwa na hitipampu ya maji ya mto Limmat mwaka 1938. Norwich huko huko Uingereza injinia John Sumner alijenga yake ikafanya kazi 1945. Na Austria Peter von Rittinger alishajenga mtambo wa aina hii kwenye kiwanda cha chumvi cha Ebensee miaka ya 1850. Friji yako ya nyumbani ni ukoo huo huo.

#24 Chogo_wa_Mwanza
Mimi nauliza kitu kingine, serikali ya Uingereza si inatoa paundi 7,500 kwa mtu wa hitipampu? Tumia hiyo ubadilishe uweke ndogo.

#25 Kilowati_Coventry
Hiyo ni ruzuku ya England na Wales kwa anayetoa boila ya gesi, mafuta au hita za umeme na kuweka hitipampu. Nyumba mpya za mjenzi hazipati, na huwezi kupewa kwa kubadilisha hitipampu kwa hitipampu. Scotland wana utaratibu wao.

#26 Binti_Saidi_Maskati
Nimesoma yote kimya kimya. Ndugu Mdigo, hiyo skrini ya mashine inahesabu umeme wote? Maana hapa Maskati tulipoweka mita ya pembeni kwenye tangi la maji tuligundua ile koili ya umeme ya ndani inawaka kila usiku na hakuna mtu aliyeiamuru. Tangi lako ukitaka lifike 60 kila siku, hitipampu nyingi mwishoni zinaona tabu, zinaita koili ya kilowati 3 imalizie. Koili haina hamali, uniti kwa uniti.

#27 Hamali_Mstaafu_Hamburg
@Binti_Saidi_Maskati umegusa penyewe. Mimi ningeanzia hapo kabla ya bafa. Koili ikiwaka saa mbili kila siku ni uniti 6, kwa mwezi 180, na katika 1,050 hiyo si ndogo.

#28 Kilowati_Coventry
Inawezekana lakini haielezi mara tano kwa saa.

#29 Hamali_Mstaafu_Hamburg
Na mara tano kwa saa peke yake haielezi ile 2.4 yote, mkuu. Nimeona mashine zinazowaka na kuzima mara nne na bado zikapata 3.2. Joto la maji ndilo baba wa yote.

#30 Mdigo_wa_Leicester
Wakuu nimepata jioni ya leo nimekaa na kitabu cha mashine. Mambo niliyoyaona: mzunguko ni lita 14 kwa dakika. Koili ya tangi ipo kwenye ratiba, saa tisa usiku kila siku, dakika 90. Setingi ya kufuata hali ya hewa ipo lakini imezimwa. Kampuni iliyofunga nimewapigia, wameniambia 55 ndiyo "salama" na nisiguse. Niguse au nisiguse?

#31 Mama_Zuhura_Malmö
Gusa mwanangu. Andika namba za zamani kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati, halafu gusa. Washa setingi ya hali ya hewa, weka 45 nje ikiwa minus 3, na 30 nje ikiwa 15. Subiri siku mbili kabla ya kuigusa tena maana nyumba inajibu polepole. Kama chumba kimoja ni baridi fungua redieta yake yote. Vyote vikiwa baridi ndipo upandishe nyuzi mbili.

#32 Dk_Asiyetibu
Samahani naingilia kwenye maji ya kuoga. Mtu asije akasoma huu uzi akashusha tangi mpaka 45 akaacha hivyo. Kuna bakteria wa lejionela wanapenda kati ya 20 na 45, wakiingia kwenye mapafu ya mtu mzima kama mama mkwe wa Mdigo ni hatari kweli. Weka 50 kwa siku za kawaida, halafu mara moja kwa wiki lifike 60 hata kama ni kwa koili. Mara moja kwa wiki. Siyo kila siku, na siyo kamwe.

#33 Msukuma_Bergen
Na usiku uzime.

#34 Kilowati_Coventry
Usizime! Ukizima saa nne usiku, saa kumi na moja alfajiri nyumba imeshuka mpaka 17, nje ndiyo kumeganda kuliko muda wowote, mashine inaamshwa ikimbie kwa nguvu zote na maji ya moto zaidi. Hamali umemlaza usiku kucha halafu unamwambia apande ngazi mbio.

#35 Msukuma_Bergen
Nyumba ikiwa 17 inapoteza joto kidogo kuliko ikiwa 21, hiyo ni hesabu ya wazi. Saa saba za kupoteza kidogo ni akiba.

#36 Hamali_Mstaafu_Hamburg
Wote mna haki nusu nusu, inategemea nyumba. Nyumba mpya yenye sakafu ya zege haishuki mpaka 17 kwa usiku mmoja, itashuka nyuzi moja na nusu tu, kwa hiyo akiba ni ndogo na hasara ni ndogo. Tofauti kubwa ni kama una tarifu ya usiku ya bei nafuu, hapo unapasha sakafu alfajiri kabla bei haijapanda, zege linashika joto mpaka mchana. Hiyo inapunguza paundi hata kama haipunguzi uniti.

#37 Kigamboni_Kwanza
Wenzetu mna umeme wa bei ya usiku? LUKU saa nane za usiku na saa nane za mchana bei ni moja 😅

#38 Wa_Bukavu_Winnipeg
Mama mkwe mumwekee chumba cha chini kwenye sakafu ya joto. Mamangu alikuja hapa akakataa ghorofa ya juu kabisa, miguu ikiwa na joto anasema nyumba yote iko na joto.

#39 Mdigo_wa_Leicester
Mrejesho. Nimewasha setingi ya hali ya hewa kama Mama Zuhura alivyosema, tangi nimeweka 50 na 60 kila Jumapili, koili nimeitoa kwenye ratiba ya kila siku. Redieta zote ziko wazi. Filta nimeifungua mwenyewe baada ya kufunga valvu mbili, imetoka matope meusi na nyuzi nyuzi za kitani za fundi wa mabomba, mzunguko umepanda kutoka 14 mpaka 19. Wiki hii skrini inasoma 3.3.

Tatizo: chumba cha mama hakipandi juu ya 20. Sebule ni 21 safi, watoto hawajalalamika. Mama amesema yeye hakuja Ulaya kuganda.

#40 Hamali_Mstaafu_Hamburg
Hongera. Filta hiyo, niliwaambia.

#41 Binti_Saidi_Maskati
Koili hiyo.

#42 Kilowati_Coventry
Tusikimbilie kushangilia. Wiki hii huku Midlands, eneo letu la Leicester na Coventry, imekuwa nyuzi 9 na 10 mchana, Januari ilikuwa 1 na 2. Mashine ya mtu yeyote inapanda hali ya hewa ikibadilika, hata ambaye hajagusa kitu. Linganisha na siku yenye joto la nje sawa na zile. Na kuwaka na kuzima kumepungua?

#43 Mdigo_wa_Leicester
Nje 9, mara nne kwa saa.

#44 Kilowati_Coventry
Basi bafa na ukubwa wa mashine bado vipo pale pale. Uliza kampuni kama programu ya mashine inaruhusu kuiwekea kikomo cha nguvu.

#45 Bajuni_Kompresa
Na presha hajapima mtu mpaka leo.

#46 Mama_Zuhura_Malmö
Chumba cha mama ni hesabu ya redieta. Lebo ya redieta ikisema wati 1,000 wanamaanisha maji ya wastani 70 kwenye chumba cha 20, tofauti 50. Ukiipa maji ya wastani 40 tofauti ni 20, na redieta hiyo inatoa kama wati 300 tu, wala siyo 400 kama mtu angedhani kwa kugawa tu. Usirudishe nyumba nzima kwenye 55 kwa ajili ya chumba kimoja. Badilisha redieta moja, weka yenye paneli mbili na pezi mbili, upana ule ule, bomba zile zile. Ni kazi ya nusu siku.

#47 Msukuma_Bergen
Au weka boksi la hewa chumbani kwa mama, limpashe Januari limpooze Julai.

#48 Sensa_Moja
Msukuma huchoki 😂 Ila na kile kichochoro? Mdigo alisema mashine ipo kati ya ukuta na fensi na hakuna aliyemjibu. Hewa ya baridi inayotoka si inagonga fensi inarudi inavutwa tena na feni ile ile? Kama nje ni 3 mashine yenyewe inaweza kuwa inavuta hewa ya 0.

#49 Kilowati_Coventry
Sensa umeiva. Swali zuri sana. Mdigo kuna nafasi kiasi gani mbele ya feni, na mashine inapulizia upande gani?

#50 Mdigo_wa_Leicester
Inapulizia fensi. Nafasi nitapima kesho kukipambazuka, kwa macho haizidi sentimita 60. Na nitaning'iniza kipimajoto kimoja nyuma ya mashine inapovuta na kingine mwisho wa kichochoro kwenye uwazi, usiku wanasema itashuka mpaka 1. Lebo ya redieta ya mama nimeiona, imeandikwa wati 870.

#51 Mama_Zuhura_Malmö
870 ya tofauti 50. Chumba kina ukubwa gani na kuta ngapi zinatazama nje?